Wembe, mashine au dawa: ninyolee nini ndevu za kipilipili?

Ingia duka lolote la vipodozi pale Kariakoo uangalie rafu ya vifaa vya kunyolea. Bei inapanda kadiri nyembe zinavyoongezeka kwenye kichwa kimoja: kiwembe chenye wembe mmoja kiko chini kabisa, cha nyembe mbili juu yake, kisha tatu, hadi tano ndani ya boksi linalong'aa. Mnunuzi anahitimisha mwenyewe kwamba akiongeza hela, ngozi yake itatunzwa zaidi. Kwa mwenye ndevu laini zilizonyooka hilo lina ukweli wake. Kwa sisi wenye ndevu za kipilipili, mara nyingi kile cha bei ya chini ndicho kinachoiacha shingo salama, na kile cha bei kubwa ndicho kinacholeta vipele.

Hapa nalinganisha njia ambazo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuzimudu: kiwembe cha plastiki, mashine ya chuma ya kuwekea wembe, mashine ya umeme, dawa ya kunyolea, na kinyozi wa mtaani. Kila moja naipima kwa pesa inayokula kwa mwaka na kwa hali ya ngozi siku ya tatu baada ya kunyoa. Siku ya tatu ina maana yake, kwa sababu uso ulionyolewa leo asubuhi huwa unapendeza hata kama balaa linakuja.

Kipele kinatoka wapi

Unywele wa kipilipili hauanzi kujikunja ukishatoka nje. Kifuko unamootea kimepinda tangu chini ya ngozi. Ukiukata, ncha yake inabaki imechongoka, na unapoota tena unafuata mkunjo wake uleule. Hapo kuna njia mbili za kuharibika. Ya kwanza, unatoka nje kidogo, unajikunja, kisha unaichoma ngozi jirani na pale ulipotokea. Ya pili ni kwamba umekatwa chini ya usawa wa ngozi, kwa hiyo unatoboa ukuta wa kifuko chake kabla haujafika nje. Mwili unaupokea unywele huo kama mwiba: panavimba, panawasha, na pakipona panabaki doa jeusi.

Ndiyo maana vipele vya ndevu hujitokeza baada ya siku mbili tatu, na hukaa zaidi chini ya taya na shingoni, ambako ndevu zimelala kila upande. Vitofautishe na ule mwasho wa moto unaousikia dakika ileile ya kunyoa. Huo ni mkwaruzo wa wembe butu au wa kunyoa pakavu, na hupoa wenyewe kwa siku moja au mbili. Wengi hudhani vipele ni uchafu, basi wanasugua kwa dodoki na sabuni ya dawa. Hakuna uchafu wowote pale. Kusugua kunafungua ngozi, vijidudu vinaingia, na kipele kilichokuwa kikavu kinapata usaha.

Sasa tazama kazi ya nyembe nyingi. Gillette ilipoingiza sokoni kinyoleo cha nyembe mbili mwaka 1971, wazo lilikuwa hili: wembe wa kwanza unashika unywele na kuuvuta kidogo, wa pili unaukata kabla haujarudi chini. Unaporudi, ncha inazama ndani ya ngozi, na mkono ukipita unahisi ulaini usio na kifani. Kwa unywele ulionyooka hakuna tatizo, utatoka palepale ulipoingilia. Kwa wa kipilipili, umeutengenezea ile njia ya pili niliyoieleza hapo juu.

Kiwembe cha plastiki na mashine ya chuma

Kiwembe cha wembe mmoja, kile ambacho BIC ilianza kukiuza mwaka 1975 na ambacho hadi leo kipo karibu kila duka la mtaani, hakifanyi kazi ya kuvuta na kukata. Kinakata usawa wa ngozi, basi. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Kasoro yake ni wepesi: hakina uzito wowote, kwa hiyo mtu anakikandamiza usoni ili kikate, na mgandamizo ndio unaokwangua ngozi. Kasoro ya pili ni sisi wenyewe kukitumia hadi kinang'oa badala ya kukata. Madaktari wa ngozi wa Marekani wanashauri kutupa kiwembe au kubadili wembe baada ya kunyoa mara 5 hadi 7. Ndevu zako zikiwa ngumu, shika hiyo 5, na ukihisi wembe unavuta, usiungoje hata hapo.

Mashine ya chuma ya kuwekea wembe wa pande mbili ni ya kale. King Camp Gillette alianza kuuza ya kwake mwaka 1903, na umbo halijabadilika sana: unafungua kichwa kwa kuzungusha mpini, unalaza wembe, unafunga. Mzee wa miaka 70 hapo nyumbani huenda anayo bado. Uzuri wake ni uzito, kwani unaachia chuma chenyewe kishuke, mkono unaongoza tu. Ubaya wake ni kwamba inataka mazoezi. Ilaze mashavuni kwa mwinamo wa nyuzi 30 hivi, vuta kidogo kidogo, na usiiburute upande kwa upande, maana hapo ndipo inapochana. Kwa wiki mbili za kwanza nyoa siku ambayo huna haraka.

Tufanye hesabu, ukibadilisha bei zangu za mfano kwa bei za dukani kwako. Anayenyoa mara 3 kwa wiki ananyoa mara 156 kwa mwaka. Akibadili wembe kila baada ya mara 5, anahitaji nyembe 32. Kiwembe cha plastiki kikiwa shilingi 500, mwaka mzima ni 16,000. Wembe wa pande mbili ukiwa shilingi 200, ni 6,400, ongeza mashine ya 15,000 uliyonunua mara moja: 21,400 mwaka wa kwanza, na 6,400 kila mwaka unaofuata. Kwa hiyo plastiki inashinda kwa anayeanza au asiye na uhakika, na chuma kinashinda kwa anayejua atanyoa hivi miaka yote. Kwa ngozi, naipa chuma nafasi ya mbele kidogo kwa sababu ya ule mgandamizo, lakini mtu mwenye mkono mwepesi na kiwembe kipya hapungukiwi kitu.

Vichwa vya nyembe tatu au tano sivipendekezi kwa ndevu za kipilipili hata ukipewa bure. Vikiwa vya bei nafuu mno mezani barabarani, ongeza shaka nyingine: nembo kubwa huigwa, na wembe wa kuigiza huwa na ukingo wa msumeno.

Mashine ya umeme

Hii ndiyo chaguo langu kwa yeyote ambaye vipele vimeshamkalia shingoni. Mashine inaacha kivuli cha ndevu, nusu milimita hadi milimita moja, na unywele wa urefu huo hauna ncha iliyojificha ndani ya ngozi. Kuusubiri ulaini wa wembe ni kuvisubiri vipele. Tatizo hili linajulikana kiasi kwamba katika jeshi la Marekani, ambako kunyoa ni amri, askari wengi weusi kwa miaka mingi walipewa ruhusa ya daktari ya kubakiza ndevu fupi, kabla masharti hayajakazwa mwaka 2025.

Gharama yake inatisha ukiitazama siku ya kununua tu. Tuseme kinyozi wako anachukua 3,000 na unakwenda kila wiki: kwa mwaka umempa 156,000. Mashine ya kuchaji ya 45,000 imerudisha pesa yake wiki ya 15. Ukiwa na kaka au mtoto wa kiume mnayenyoana nyumbani, inarudi mapema zaidi, ila kila mtu na kichwa chake cha mashine, au kisafishwe kabla ya kuhamia kwa mwingine.

Unaponunua, washa dukani uisikilize. Mlio uwe mmoja, usiokwaruza. Pitisha meno yake juu ya mgongo wa kiganja bila kukandamiza. Yakikuchoma, meno ya juu yamesogezwa mbele kupita ya chini, nayo yatakukata shingoni. Ya waya inafaa kwa nyumba yenye umeme wa uhakika na haichoki baada ya miaka miwili kama betri. Ya kuchaji inafaa kwa msafiri na kwa mtaa unaokatikiwa umeme. Kila baada ya kunyoa, toa nywele kwa brashi na udondoshee mafuta ya mashine tone moja au mawili meno yakiwa yanacheza. Yakiisha yale yaliyokuja kwenye boksi, mafuta mepesi ya cherehani yanatosha. Mafuta ya kupikia hugandiana na kuwa gundi. Meno makavu hupata joto, na joto likigusa shingo linaacha alama ambazo watu huzihesabu kama vipele.

Kosa la kawaida ni kunyolea ziro huku umeibana mashine kwenye ngozi na umeivuta ngozi kwa mkono mwingine. Hapo umeifanya mashine ikate kama wembe, na matokeo yatakuwa ya wembe.

Dawa ya kunyolea

Poda na krimu za kuondoa nywele hazikati. Zinavunja vifungo vya protini inayoufanya unywele uwe mgumu, hadi unakuwa laini kama uji na kufutika. Kwa vipele hili lina faida ya kweli: ncha inabaki butu, haina uchongo wa kutoboa ngozi. Kopo moja la poda hunyoa mara nyingi, na kwa kipara na ndevu za shavuni wapo wanaume wasiotaka kitu kingine.

Lakini ngozi nayo ni protini. Dawa haijui ikomee wapi, saa ndiyo inayoijulisha. Soma dakika zilizoandikwa kwenye kopo, weka kengele ya simu, na kengele ikilia futa hata kama nywele zimebaki. Anayejiongezea dakika mbili kwa sababu ndevu zake ni ngumu ndiye anayeamka kesho na ngozi iliyobabuka. Siku moja kabla, jaribu kiasi kidogo chini ya taya, uone kama panawasha au panakuwa pekundu. Changanya poda kwenye chombo cha plastiki, futa kwa kijiti cha plastiki au kitambaa kibichi, kisha osha kwa maji mengi. Usiipake juu ya mkato, wala juu ya kipele kilichopasuka, wala uso uliopita wembe jana. Krimu iliyoandikwa ya miguu ibaki miguuni. Na kama unatumia krimu ya kung'arisha ngozi au yenye dawa ya chunusi inayochubua, dawa hii iache kabisa, kwa sababu ngozi yako imeshapungua unene na itaungua mapema.

Ukiipima na mashine ya umeme: dawa inatoa ulaini zaidi, mashine inasamehe makosa zaidi. Mtu ambaye kazi yake inamtaka uso msafi kabisa, na ngozi yake haina hasira, atanufaika na dawa mara moja kwa wiki. Mwenye ngozi nyepesi kuwasha achukue mashine.

Kwa kinyozi

Kinyozi hodari anaona shingo yako kuliko wewe, na hilo lina thamani. Kinachonitia wasiwasi ni wembe. Kinyozi anayejiheshimu huchukua wembe wa pande mbili ungali ndani ya karatasi yake, anaukunja hadi ukatike katikati, kisha anachopeka nusu moja kwenye kisu chake mbele ya macho yako. Ukikuta kisu tayari kina wembe, mwambie abadilishe, kwa upole na bila aibu. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kubaki hai nje ya mwili, kwenye damu iliyokauka, kwa siku 7 au zaidi. Damu kidogo iliyobaki kwenye wembe huenda hata isionekane kwa macho.

Mashine yake nayo inabeba mapunye na choa kutoka kichwa hadi kichwa. Lile kabati lenye taa ya buluu halisafishi kitu kama meno yamejaa nywele na mafuta, mwanga haupenyi. Kwanza brashi, ndipo spiriti, tena spiriti ya asilimia 70 inaua vijidudu vizuri kuliko iliyo kali zaidi kwa sababu maji yaliyomo huisaidia kupenya. Njia rahisi ni kwenda na begi lako dogo: mashine yako, au angalau kichwa cha mashine na taulo. Wateja wengi wanafanya hivyo siku hizi na vinyozi hawanuni.

Kabla wembe haujagusa uso

Hapa ndipo pesa kidogo inafanya kazi kubwa, na maji hayauzwi ghali. Unywele uliolowana unavimba na kulainika, unakatika kwa nguvu ndogo. Nyoa baada ya kuoga, au weka kitambaa chenye maji ya uvuguvugu usoni dakika 3. Ukifanya hili tu, kiwembe cha 500 kitakupa matokeo ambayo cha bei ghali hakikupi kwenye uso mkavu.

Cha kupaka, ulinganisho ni huu. Sabuni ya kuogea ya kipande inapatikana kila mahali, lakini povu lake hukauka haraka na huiacha ngozi imekakamaa. Ya mche ya kufulia isiguse uso kabisa. Povu la kopo la kupuliza ni rahisi kulitumia ila limejaa hewa na kopo linaisha upesi. Sabuni maalumu ya kunyolea ya kwenye kikopo, ukiipata na brashi yake, hudumu miezi na povu lake ni zito. Na kama hela haipo, kondishena ya nywele ya kawaida, bila manukato makali, inateleza vizuri na ikibaki unaipaka kichwani.

Kabla ya kuanza, pitisha vidole shingoni ujue ndevu zimelala upande gani. Kwa watu wengi za chini ya koromeo zinaelekea juu au pembeni, si chini. Nyoa kufuata zilikolala, usivute ngozi, na usirudie mahali pamoja zaidi ya mara moja. Suuza wembe kila baada ya mkupuo mmoja au miwili. Ukimaliza, ukaushe na uuweke nje ya bafu.

Baada ya kunyoa

Spiriti usoni ni desturi ya saluni zetu, na inachoma kiasi cha mtu kuamini inatibu. Kazi yake kwenye chombo ni nzuri. Kwenye ngozi inakausha, na ngozi iliyokauka inawasha. Maji ya ndimu ni mabaya zaidi: ukiyapaka ukatoka juani, mwanga unafanya ngozi iungue na kubaki na madoa meusi ya wiki nyingi.

Shabu ni hadithi nyingine. Jiwe la shabu ni la bei ndogo, linakaza ngozi na kuzuia damu ya mkato mdogo. Lilowanishe, lipitishe, subiri kidogo, kisha osha kwa maji ya baridi, kwa sababu likiachwa linakausha. Usiazimane. Mshubiri wa uani unapoza, mradi umekata jani, ukaliacha limwage utomvu wa njano unaowasha, ndipo ukachukua ile nyama yake angavu. Mwishoni paka kitu cha kufunga unyevu: glisalini iliyochanganywa na maji, au mafuta ya mgando kidogo sana kwa mwenye ngozi kavu. Mwenye chunusi atafute losheni nyepesi isiyo na mafuta mengi.

Kitu kimoja nakiomba kwa msisitizo. Zipo tyubu ndogo zinazouzwa kama dawa ya vipele zenye betamethasone au clobetasol. Hizo ni steroidi kali. Vipele vinalala ndani ya siku chache, ndipo sifa zake zinaposambaa, lakini ukiendelea kuzipaka usoni ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi zinafumuka, na ukiacha vipele vinarudi vikali zaidi. Soma majina ya viambato nyuma ya tyubu kabla ya kulipa. Mfamasia anaweza kukupa kilicho salama zaidi, kama krimu yenye asidi ya salisilika au benzoyl peroxide ya chunusi, ambayo, kumbuka, hupausha mito na kola za shati.

Kwapa na kinena

Wanawake na wanaume huku wanalingana. Kwa Waislamu upo ukomo wa siku 40 wa kuziacha nywele hizi bila kuziondoa, kwa hiyo swali si kunyoa au kutonyoa. Wembe mmoja mpya, maji ya uvuguvugu, povu la kutosha. Kwapani nywele zimeelekea pande mbili, hivyo nyoa juu kwenda chini na chini kwenda juu kwa sehemu yake. Zikiwa ndefu, zipunguze kwanza kwa mkasi. Deodoranti isubiri hadi kesho yake. Mashine yenye kitana cha namba moja ndiyo salama zaidi kinenani, na inatosha kwa asiyelazimika kuziondoa zote. Kung'oa kwa sukari iliyopikwa na ndimu, kama wafanyavyo wanawake wengi wa nchi za Ghuba, hukaa wiki kadhaa bila kuota, lakini kwa mwenye nywele za kipilipili vipele vya kuotea ndani hutokea pia.

Vipele vikiwa vimeshajaa

Acha wembe na dawa kwa wiki 4 hivi. Siku za kwanza zitawasha kuliko kawaida, kisha nywele zilizonasa zinajiachia zenyewe kadiri zinavyorefuka. Ukiona kitanzi cha unywele juu ya ngozi, kiinue kwa sindano iliyosafishwa, usiung'oe, maana utaota tena chini kwa chini. Ukirudi kunyoa, rudi na mashine ya umeme, si na wembe.

Vipele vya kisogoni, pale kinyozi anapochonga mstari, vishughulikie mapema. Vikiwa vigumu na kuanza kuungana vinageuka makovu yanayovimba ambayo krimu za dukani haziyashushi. Mwambie kinyozi asiguse kisogo kwa wembe, kisha nenda kwa daktari wa ngozi. Hospitali za rufaa nyingi zina kliniki ya ngozi, na pale hospitali ya KCMC, Moshi, kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992. Nenda navyo vile unavyotumia, wembe, krimu na tyubu, ndani ya mfuko mmoja, ili daktari asome mwenyewe kilichoandikwa.